Ghala la Baba Yake Mama

Mji wa Inchon ulinigharimu dola mia moja themanini na nne, nami sijaukanyaga. Nimehesabu mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuamini. Ndani yake mna sketi nyeusi niliyoambiwa ninunue ili nionekane mtu wa maana, teksi ya kutoka Alexandria, hii ya Marekani, hadi Annandale na kurudi, maana Jumapili basi hupita likijisikia, na jioni za Jumamosi ambazo ningezitumia kushona nguo za watu wenye haraka na fedha. Chakula sikukitia. Chao nilikula, na nilikula vizuri, kwa hiyo hapo hatudaiani.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la dobi, upande wa magharibi wa Alexandria, la kufulia suti na makoti kwa dawa. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa Kikorea, mfupi, mkavu, mwenye vidole vilivyozoea pasi hata akashika kikombe cha chai ya moto kama kashika bahasha. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mwanamke aliyekuzidi umri, tena anayekulipa mshahara, huitwa Mama, wala halihitaji kikao. Siku ya kwanza nikamwambia, "Shikamoo, Mama," kisha nikaeleza kwa Kiingereza kwamba ni heshima. Aliinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa akiipiga pasi, akanitazama kitambo.

"Mama," akasema, kama anayeonja chumvi. "Sawa."

Binti yake, mwanafunzi wa chuo aliyekaa kaunta siku za mapumziko, alicheka hadi akaenda kujificha nyuma ya makoti. Nilidhani anaicheka lafudhi yangu. Nikamdharau, nikaendelea na kazi. Huyo binti mama yake akimsemesha Kikorea yeye hujibu Kiingereza, kama watoto wetu wa hapa wanavyotufanyia sisi, nikamweka kapu moja nao.

Siku moja simu ililia kutoka Korea. Mama alizungumza akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye pasi, mpaka nikaenda kuichomoa kabla hatujalipa shati la mtu. Alipokata simu alinieleza. Marehemu baba yake aliacha ghala kuukuu karibu na bandari ya Inchon, na kulikuwa na tajiri aliyetaka kulinunua alibomoe, pawe mahali pa kuegesha magari. Kaka yake alitaka kuuza. Bila sahihi ya Mama hakukuwa na kuuza. Na Mama hakutaka.

"Kaka anasema hakuna mtu anayelikumbuka," akasema. "Ninataka kumwonyesha wanaolikumbuka."

"Atalipa kiasi gani huyo tajiri?"

Akanitajia. Nikaibadilisha kichwani, fedha yao ikiwa imetoka kuporomoka, nikaona bado ni bei ya mtu mwenye adabu.

"Uza," nikamwambia.

"Sikukuuliza."

Alichokuwa ameazimia ni hiki. Kanisa la Kikorea kule Annandale lilikuwa na siku ya kukaribisha majirani. Watu waliotoka Inchon wangepewa kona yao na projekta, waonyeshe mji wao wa kale, na mwisho wa maonyesho watu watie majina kwenye karatasi kumwomba kaka asiuze. Majina ya Wakorea hayakumtosha. Alitaka na ya Wamarekani. "Kaka mimi ananicheka," alisema. "Wamarekani hatawacheka." Sasa Wamarekani walihitaji mtu wa kuwaeleza. Kiingereza cha Mama kilikuwa cha "Jumanne tayari" na "kifungo hakipo". Binti alikataa katakata. Nikabaki mimi.

"Kwa nini mimi? Sijawahi hata kuiona Korea kwenye ndoto."

"Ulimshawishi mtu afue pazia ambalo halikuwa chafu."

"Lilikuwa na vumbi."

"Halikuwa na vumbi."

Nikauliza maonyesho ni lini. Halikuwa na vumbi.

Ndivyo Jumamosi zangu zilivyokwenda. Tukishafunga duka, Mama alitundika shuka jeupe la mteja mbele ya reli ya makoti, akawasha projekta, akanionyesha slaidi alizozipiga mwenyewe alipokwenda kumzika baba yake. Mimi nilikaa juu ya ndoo ya dawa nikijifunza kuuza mji.

Kwanza zilikuja ngazi za mawe zilizopanda kilimani, na taa za mawe kushoto na kulia.

"Upande huu walikaa Wachina," Mama akasema. "Upande huu Wajapani. Ngazi ndiyo mpaka. Taa zenyewe tazama, hazifanani."

"Na Wakorea walikaa wapi?"

"Huko nyuma ya kilima."

"Kwenye mji wao?"

"Bonyeza nyingine."

Nyingine ilikuwa benki ya Wajapani, ya mawe, na kikuba juu kama kofia ya bwana harusi. Nikauliza walikuwa wanaweka humo fedha za nani. Za kwao, akasema, na za mchele wetu uliopakiwa melini. Nikauliza kama zilirudi. Akarekebisha lenzi. Basi hiyo ndiyo wanayoihifadhi. Mtu kaibiwa, mwizi kaondoka, yeye anaifuta vumbi picha ya mwizi na kuitundika sebuleni.

Ukaja mtaa wa Wachina. Niliutazama vizuri, nikaona mbwa, baiskeli, na mzee mmoja aliyetupa mgongo.

"Wachina wako wapi?"

"Wengi walihama."

"Sasa ni mtaa wa Wachina kwa lipi?"

"Kwa tambi. Zile za mchuzi mweusi zilianzia pale."

Ukaja mnara wa taa kwenye kisiwa, mweupe, mfupi, kitu ambacho nisingekikodi hata kwa kuanikia nguo. Ikaja sanamu ya jenerali wa Kimarekani aliyeshusha jeshi pale wakati wa vita, kasimama bustanini na darubini mkononi, juu ya kilima kizima. Nikauliza anatafuta nini. "Alishapata," Mama akasema, na hiyo ndiyo mara pekee aliyonichekesha Jumamosi hiyo.

Nisidhaniwe kwamba niliwaonea Wakorea. Alexandria yenyewe ni bandari ya kale, na kule chini mtoni nimewaona watu wazima, wenye kazi na akili zao, wakilipa kumfuata kijana aliyevaa soksi ndefu na kushika taa ya mshumaa, awaonyeshe nyumba za watu waliokufa. Mawe ya barabara yanavunja visigino, nao wanayasifu. Nyumba walimouzwa binadamu ina kibao kidogo ukutani. Duka la mishumaa lina bango kubwa. Kwetu Tanga majengo ya Wajerumani yanaota miti ukutani, mbuzi wanalala barazani, na hakuna aliyewahi kumtoza mbuzi kiingilio. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikiona kuta zinajitembeza namna hiyo huwa najua mwenye mali ameshindwa kuuza kitu kingine.

Slaidi ya mwisho ndiyo ghala. Matofali mekundu, mlango wa mbao mpana, na juu chumba kimoja chenye kidirisha. Paa lilikuwa limebonyea katikati kama godoro la gesti. Mama aliinuka, akaenda hadi kwenye shuka, akaweka kidole juu ya kile kidirisha, na kidole chenyewe kikapata rangi ya matofali.

"Hapa."

"Hapa nini?"

"Nilizaliwa."

Nilitaka kusema kwamba na mimi nimezaliwa mahali na sikupatundikia shuka. Nikasema tu kwamba paa linataka mabati.

"Vigae," akasema.

"Mabati ni nafuu."

"Vigae."

Siku yenyewe nilifika ukumbini na sketi yangu nyeusi na jirani yangu, Mkenya aliyekuwa akiuguza wazee majumbani, ambaye nilimwambia kuna chakula cha bure. Ukumbi ulijaa. Nyuma walikaa majirani Wamarekani, wenye sahani zilizojaa na nyuso za watu waliojiandaa kufurahi. Mbele walikaa wazee wa Inchon, mikono magotini, kama wanaosubiri hukumu.

Nilianza. Nilisema ngazi, nikasema benki, nikasema tambi. Mji ulijaa sifa kinywani mwangu kama ndoo chini ya bomba. Mnara wa taa niliuita mlinzi mweupe wa bahari, na Mmarekani mmoja akaandika. Jirani yangu alinivuta sketi.

"Haki wewe ni muongo," akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Si uliniambia hujawahi enda?"

"Sijaenda."

"Na hawa unawa-show njia hadi kwa choo."

"Nyamaza ule."

"Ningejua ni sinema ningekuja na kamera."

Nikabonyeza, ghala likatokea. Nilikuwa nimelilinda hadi mwisho, kama mtu anavyolinda kitambaa kizuri chini ya meza. Nikashusha sauti, nikasema kwamba majumba yote tuliyoyaona yalikuwa ya wageni, lakini hili lilikuwa la mtu wa mji, mchukuzi wa magunia ya mchele aliyehangaika mpaka akalipata. Nikanyoosha mkono kumwonyesha Mama, aliyekaa mstari wa mbele. "Mabibi na mabwana," nikasema, "hili ni ghala la baba yake Mama."

Wazee wa mbele wakatazamana. Kisha mmoja akakohoa, wa pili akaziba mdomo, na mara mstari mzima ukaanguka kwa kicheko, wanawake wakipigana mapaja.

"Umesema nini?" jirani yangu akauliza.

"Sijui."

Mzee mmoja hakucheka. Alikuwa mtu mnene mwenye uso uliojaa vishimo vidogo, mashavu na paji, uso ambao nilikuwa nimeuona mara moja tu maishani, kwa babu yangu. Alisimama, akazungumza Kikorea, akininyooshea kidole. Kicheko kikakatika kama umeme. Nikatafuta wa kunitafsiria. Mama alikuwa anatazama viatu vyake. Aliyekuja mbele ni binti, yule wa kujibu Kiingereza, naye akatafsiri neno kwa neno bila kukwama. Kumbe Kikorea anakijua, anakibania tu.

"Anauliza nani amekwambia wewe Mwafrika."

"Amenambia nini?"

"Kwamba Mama alikaa humo ndani."

"Mama si huyu hapa?"

Binti akavuta pumzi. "Sikiliza. Kwetu 'mama' si mama. Ni neno la malkia. Kwenye tamthilia za wafalme watu wanapiga magoti wanasema 'mama'. Tangu umeanza kazi unamwita mama yangu Mtukufu Malkia."

Nilimtazama mwajiri wangu. Malkia, na mimi nalipwa kima cha chini. Alijua, na akanyamaza, akaila heshima hiyo kila asubuhi pamoja na chai yake. Kwa hilo, nakiri, nilimwona mfanyabiashara.

"Na ni neno la ndui pia," binti akaendelea, sauti ikishuka. "Zamani hawakuutaja ugonjwa kwa jina lake. Waliupa heshima ili uridhike uondoke. Waliuita Mama. Au waliuita Mgeni."

Hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Nyoka akiingia ndani usiku, bibi yangu hamtaji. Anasema kuna kamba, leteni taa. Nikamwambia binti amwambie mzee kwamba kwetu mgeni ni siku mbili, siku ya tatu anapewa jembe. Binti akatafsiri. Mzee alinitazama, na mdomo wake ukasogea kidogo.

"Anasema wa kwao hakushika jembe. Alichukua mshahara kabisa, kisha akaondoka."

Ndipo alipoeleza, amesimama vilevile, mkono juu ya kiti cha mbele yake. Ilikuwa wakati wa vita. Mchele ulikuwa umekwisha na ghala lilikuwa tupu, basi watoto waliopatwa na Mgeni wakakusanywa wakalazwa humo, sakafuni, ili wasiambukize mtaa. Yeye alilazwa ukutani upande wa mlango, na alikuwa akihesabu matofali kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Aliingia yeye na dada yake. Alitoka yeye.

Jirani yangu, aliyezoea kukaa na wanaokufa, aliweka sahani chini.

Mama aliinua kichwa. Alisema sentensi moja, na hata mimi nilijua maana yake kabla ya binti kuifungua: baba hakuniambia.

"Nani angekuambia?" mzee akasema. "Baada ya hapo hakuna aliyepita hata mbele ya mlango. Baba yako alikuwa na mke mjamzito na hana pa kulala. Alilipata kwa bei ya mkokoteni."

Nitasema ukweli wangu. Kwenye mji wote ule, ngazi zake, kikuba chake, jenerali na darubini yake, huyo mchukuzi ndiye mtu wa kwanza niliyemheshimu. Mji mzima unakimbia, yeye anauliza bei. Lakini nilipomtazama Mama, binti yake, nikaona hesabu anazozifanya si kama zangu. Alikuwa anatazama kile kidirisha kwenye picha, na chini ya kidirisha ule ukuta.

Karatasi ya majina ilikuwa mezani na kalamu yake. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akasema, na binti akatafsiri kwa kunong'ona, "Libomolewe, paegeshwe magari, tupumzike." Wawili watatu wakaitikia. Wamarekani hawakuelewa kitu, lakini walijua wakati wa kutotafuna. Mzee wa vishimo akatoka kwenye mstari wake, akapita kati ya magoti ya watu, akafika mezani na kuandika jina lake kabla ya wote, kwa maandishi makubwa yaliyokula mistari miwili. Baada yake akaja mwingine. Yule wa libomolewe alikuja wa mwisho, akaandika huku akilalamika. Wamarekani wakatia sahihi wote, wengine wakidhani ni orodha ya bahati nasibu.

Basi mtu atasema, majina ya watu yaliliokoa ghala. Hayakuliokoa. Kaka aliyapokea, akapiga simu, na kelele zake zilitoka kwenye kipokezi mpaka mteja aliyekuja kuchukua suti akarudi nyuma hatua. Mtu fulani wa Annandale alikuwa ameshampigia ndugu yake Inchon, ndugu akamweleza jirani, na kufika mwisho wa juma tajiri wa kuegesha magari alikuwa amesikia kwamba Mama, yule wa ndui, alilala pale. Tajiri ana wajukuu. Akajitoa. Kaka akatafuta mnunuzi mwingine, naye akajitoa. Kaka alitaka kujua nani alimtuma dada yake kufukua.

Hivyo ndivyo majengo ya kale yanavyohifadhiwa, kama hukujua. Si kwa kuthaminiwa. Linabaki kwa sababu hakuna anayelitaka, likibaki sana linaitwa urithi, na siku moja kijana wa soksi ndefu anakuja na mshumaa.

Mwishowe kaka alisalimu amri kwa namna ya kaka: ghala lote akamwachia Mama, na paa lake pamoja. Ila aliongeza kwamba siku hizi watu wameanza kupanda kilima kile na kamera, kwa hiyo mlangoni pawekwe kibao cha maelezo, na alipe Mama huyo huyo.

Mimi nilisubiri mambo yatulie, kisha jioni moja baada ya kufunga duka nikaenda kudai dola zangu mia moja themanini na nne. Nilikuwa nimezipanga kichwani, sketi kwanza, teksi baadaye, Jumamosi mwisho kwa kuwa ndizo za kubishaniwa. Nilimkuta anapiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi.

Tangu siku ya kanisani nilikuwa namwita bosi. Nikasema, "Bosi, kuna jambo."

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani, ndui?"

"Niite ulivyozoea. Mbele ya wazee tu usiniite."

"Mama, kuna jambo."

"Na mimi nina jambo," akasema, akaisimamisha pasi kwa kisigino chake. "Kaka anataka kibao kiseme ghala la mchele la zamani. Mzee alikuja jana. Anataka kiseme nyumba ya Mgeni, na jina la dada yake liwemo. Nikiandika mchele, mzee ataniona mwongo. Nikiandika Mgeni, baba yangu ataonekana aliyenunua sakafu ya watoto waliokufa. Na mimi nilizaliwa juu yao."

Akalikunja shati, akalikunjua.

"Kibao ni kidogo. Wewe umeuza mji ambao hujauona, unajua watu wanasimama wapi na wanapita wapi. Nishauri. Niandike nini?"